Vidonge vya Darajani: Tuvitumie Vipi?

Maneno ya Kamati ya Afya mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale waliokuwa shamba au baharini siku ile. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.



Tumeombwa tuseme juu ya vidonge. Si vidonge vyote, bali vile vya kuulia vijidudu vinavyoitwa bakteria. Jina lake ni antibiotiki. Kwenye mabango ya hospitali huandikwa viuavijasumu, na wengi wetu hapa tunasema tu rangi mbili, ingawa vingine vina rangi moja na vingine ni vyeupe.

Kwa nini Ushirika uingie katika mambo ya vidonge? Tutawaambia. Mwanachama anapeleka muhogo na ndizi zake sokoni Darajani. Akishauza, anakumbuka kuwa nyumbani kuna mtoto anakohoa. Anaingia duka la dawa, anasema, "Nipe rangi mbili za shilingi elfu moja." Mtoto hakupimwa, cheti hakuna, na muuzaji hakuuliza umri wala uzito. Mwanachama anarudi shamba na vidonge vichache ndani ya karatasi. Jioni jirani anakuja, naye kifua kinambana, anapewa viwili. Siku ya pili mtoto amechangamka kidogo, vilivyobaki vinafungwa kwenye upindo wa kanga "vitafaa siku nyingine."

Ndugu zangu, hapo hakuna aliyetibiwa. Mtoto hakutibiwa, jirani hakutibiwa, fedha ya muhogo imekwenda, na vijidudu vimepewa somo la kupambana na dawa. Ndiyo maana tukasema jambo hili ni letu sote.

DAWA HII INAFANYA NINI

Magonjwa yanayoletwa na vijidudu ni ya namna nyingi. Yako yanayoletwa na bakteria, kama kifua kikuu, kisonono, kaswende, homa ya matumbo, baadhi ya vichomi, na maambukizo mengi ya njia ya mkojo. Hapo antibiotiki ndipo mahali pake. Yako yanayoletwa na virusi, kama mafua, surua, na vikohozi vingi vinavyokuja na mafua. Virusi havisikii antibiotiki hata umeze debe zima. Mafua yatapona kwa siku zake, ukiwa umemeza rangi mbili au hukumeza. Yule anayesema "nilimeza nikapona" angepona vile vile, na shilingi zake zikabaki mkononi.

Malaria nayo ina vimelea vyake na dawa yake. Kwa hiyo homa si ya kukisia. Homa ipimwe.

Na kuharisha je? Kuharisha kwingi hakutaki antibiotiki. Kunataka maji, yaani ule unga wa ORS wa pakiti, unaochanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa, na mtoto anyweshwe kidogo kidogo bila kuchoka. Ukiona damu kwenye choo, au mtu anaharisha maji matupu mfululizo, macho yamezama na ngozi imelegea, huyo ni wa kituo cha afya, na si kesho. Huko ndiko wataamua kama dawa nyingine inahitajika.

Hakuna mtu anayeweza kutazama kikohozi kwa macho akasema hiki ni cha bakteria na kile ni cha virusi. Hata daktari husikiliza kifua, huhesabu pumzi, hupima damu au mkojo au makohozi. Sasa sisi wa jembe na nyavu tutajuaje tukiwa tumesimama mbele ya kaunta ya duka?

USUGU NI KITU GANI

Mara nyingi tunasikia watu wakisema, "Mwili wangu umeizoea dawa ile." Neno hilo si sahihi. Mwili hauzoei. Wanaozoea ni vijidudu.

Tuchukue mfano wa shamba. Kila mkulima hapa anaijua ndago. Ukiikata juu kwa juu, shamba linapendeza siku mbili tatu, na chini kiazi chake kimebaki. Mvua ikinyesha unaikuta imerudi. Mgonjwa naye ni hivyo. Dozi ya kwanza na ya pili huua vijidudu vilivyo dhaifu, homa inashuka, mtu anajiona mzima. Vilivyobaki ni vile vigumu. Ukiacha dawa kabla ya siku ulizopangiwa, au ukimeza kidogo kuliko kipimo, vigumu hivyo huweza kupata nafasi vikazaana, na vizazi vyake navyo ni vigumu. Tena ndago haina kinywa, lakini vijidudu hivi huweza kupeana siri ya ukaidi, hata vya namna moja vikawapa wa namna nyingine. Huo ndio usugu.

Na hata pale ambapo hukuwa na ugonjwa wa bakteria, ukimeza dawa bure unavifundisha vijidudu vingine vinavyoishi tumboni na kwenye ngozi bila kukudhuru. Siku vikipata njia ya kuingia penye kidonda au kwenye mkojo, vinaingia vikiwa tayari vimeshaijua dawa.

Usugu haukai kwa mtu mmoja. Hupita kwa mikono isiyonawa, kwa maji machafu, kwa choo kisichofunikwa. Nusu dozi yako wewe inaweza kuwa msiba wa mtoto wa jirani. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Buyu hili ni letu sote, na kila anayechovya bila sababu anawapunguzia wenzake.

Jambo hili si geni. Alexander Fleming, daktari aliyegundua penisilini mjini London mwaka 1928, alionya mwenyewe mwaka 1945 alipopewa Tuzo ya Nobel, kwamba mtu asiyejua anaweza kumeza kipimo kidogo mno na kuvifundisha vijidudu ukaidi. Maneno yake yametimia. Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2019 pekee watu zaidi ya milioni 1 na laki 2 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa.

MFANO ULIOPITA MACHONI PETU

Wazee hapa wanaikumbuka klorokwini. Ilikuwa dawa ya malaria ya kila nyumba, chungu, na wengine iliwawasha mwili mzima. Ile haikuwa antibiotiki, lakini hadithi yake ni ile ile. Vimelea vya malaria vilipata usugu kwanza katika nchi za mbali za Asia na Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 usugu huo ukaonekana Afrika Mashariki. Ulivuka bahari na wala haukuulizwa pasi bandarini. Ukazidi mwaka hadi mwaka, mpaka watu wakawa wanameza klorokwini na homa haiondoki. Mwaka 2003 Zanzibar ikaiacha, ikaanza kutumia dawa mseto.

Tulikuwa na bahati kwamba dawa nyingine ilikuwepo. Antibiotiki mpya hazitoki kila mwaka kama mahindi. Tukizichezea hizi tulizonazo, siku mama anajifungua kwa kupasuliwa, au kijana anakatwa na panga mguuni, tutampa nini?

Lakini upo na mfano wa kutia moyo, tena wa nchi yetu wenyewe. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na daktari Karel Styblo akashirikiana na wataalamu wetu. Walijali mambo ambayo mtu angeyaona madogo: makohozi yapimwe, kila mgonjwa aandikwe kwenye daftari, dawa isikatike, na mgonjwa ameze mbele ya macho ya mwingine. Wagonjwa wakapona kwa wingi. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likautumia utaratibu wa namna hiyo kuzifundisha nchi nyingine. Basi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Siri ilikuwa ni kuhesabu na kutokatisha.

HESABU YA BAHASHA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ukipewa dawa hospitali au dukani kwa cheti, bahasha yake huandikwa kwa alama, na alama hizo zimewapoteza wengi. Mtu akiona 1 x 3 anadhani ameze kimoja kila siku tatu, au vitatu kwa mpigo. Siyo. Namba ya kwanza ni vidonge kila mara. Namba ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo 1 x 3 ni kidonge 1, mara 3 kwa siku. Na 2 x 2 ni vidonge 2, mara 2 kwa siku. Kisha uliza siku ngapi.

Hapo piga hesabu kama unavyohesabu pishi za karafuu. Kidonge 1, mara 3, siku 7: hivyo ni vidonge 21. Mwaga mezani, hesabu mbele ya mtoaji dawa. Vikiwa 15, uliza. Huu ni mfano tu wa hesabu. Kila mtu afuate karatasi yake, kwa sababu siku hupangwa kwa ugonjwa. Ugonjwa mwingine siku 3, mwingine 5, mwingine zaidi. Wala msidhani dozi ndefu ndiyo bora. Iliyo bora ni ile uliyopangiwa baada ya kupimwa. Ukijisikia nafuu, endelea mpaka siku zako zitimie. Anayeweza kukwambia acha mapema ni yule aliyekutibu, si shoga yako wala dereva wa gari ya shamba.

Mara 3 kwa siku maana yake ni kugawa saa, karibu kila baada ya saa 8. Si asubuhi, saa nne na adhuhuri. Mara 2 ni kila baada ya saa 12. Ukisahau, meza ukikumbuka. Lakini ukiona saa ya kidonge kingine imeshakaribia, acha kile ulichosahau uendelee na ratiba. Usimeze viwili kwa pamoja kufidia.

Mtu atauliza, na mwezi wa Ramadhani je? Kwanza, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na hilo masheikh wetu wanalieleza vizuri kuliko sisi. Pili, mweleze daktari kwamba unafunga. Ziko dawa za mara 1 au mara 2 kwa siku zinazoweza kupangwa futari na daku, kama ugonjwa wako unaruhusu. Lakini usikae na dozi ya mara 3 ukaibana yote usiku kwa akili yako mwenyewe.

KABLA YA KUMEZA, SEMA

Kuna mambo manne ambayo mgonjwa asisubiri kuulizwa, ayaseme mwenyewe.

La kwanza, kama dawa yoyote imewahi kukudhuru, ukatoka vipele, ukavimba uso au ukakosa pumzi. Aliyedhurika na penisilini asipewe amoksilini bila daktari kujua, maana hizo ni ndugu. Aliyedhurika na Septrin naye aseme.

La pili, kama una mimba au unanyonyesha. Doksisaiklini na ndugu zake za tetrasaiklini si za mama mjamzito, na kwa watoto wadogo haziwekwi bila daktari kupima faida na hasara. Zinaweza kuharibu rangi ya meno ya mtoto.

La tatu, dawa nyingine unazotumia, za presha, za sukari, hata za miti shamba. Usione haya. Anayekutibu hakuulizi ili akucheke.

La nne, kama una maradhi ya figo au ini.

Kisha uliza dawa yako inapatana na chakula gani. Ziko zinazomezwa na chakula na ziko zinazotaka tumbo tupu. Siprofloksasini na doksisaiklini zisimezwe pamoja na vidonge vya kuongeza damu au dawa ya kiungulia, na siprofloksasini isimezwe kwa maziwa, kwani nguvu yake hupungua. Doksisaiklini imezwe kwa gilasi nzima ya maji, ukiwa umekaa wima, na usilale hapo hapo, isije ikakuchoma koo. Tena inafanya ngozi iungue upesi kwa jua. Akina mama wa mwani na wavuvi walisikie hilo: jifunikeni vizuri, au muombe ushauri mapema. Na anayemeza Flagyl asiguse pombe. Tumesema, na mwenye kusikia amesikia.

Kichefuchefu kidogo au tumbo kulainika huweza kutokea. Lakini ukiona vipele mwili mzima, midomo au uso kuvimba, au pumzi kubana, usimeze kingine, kimbilia hospitali upesi na uchukue pakiti ya dawa mkononi. Kuharisha kukizidi sana au kukiwa na damu, hata wiki kadhaa baada ya dawa, rudi ukaseme.

DAWA YA MTOTO

Kipimo cha mtoto hufuata uzito wake. Kidonge cha mtu mzima kukikata nusu kwa kisu cha jikoni si kipimo. Dawa ya maji ya unga ichanganywe na maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama ya chupa, si zaidi. Itikise kila mara kabla ya kumpa. Pima kwa kijiko cha dawa au kikombe chake, maana vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Ikishachanganywa ina siku zake chache, zimeandikwa kwenye chupa. Zikipita, isitumike tena, wala isiwekwe kwa mdogo wake.

Mtoto anayehema mbio, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au anayelala bila kuamka vizuri, huyo asinunuliwe kidonge chochote. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Sheha aamshwe, gari itafutwe. Kidonge cha kubahatisha humpotezea mtoto muda alio nao.

MAMBO YA KUACHA

Tuache kugawana. Ugonjwa wa jirani si wako, na dozi iliyogawanywa ni dozi mbili zilizoharibika.

Tuache kufungua kidonge na kumwagia unga kwenye kidonda. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi. Kikivimba, kikitoa usaha au kikiwa kirefu, kipelekwe kwa wenye kazi yao.

Tuache kuweka akiba ya vidonge. Ukifuata dozi, hakuna kinachobaki. Kikibaki kwa sababu daktari alikubadilishia, kirudishe kituo cha afya. Kisitupwe kisimani wala jaani wanapocheza watoto. Na dawa inayotumika ikae mahali pakavu, mbali na jua na mafiga, pasipofikiwa na mtoto.

Tuache kununua dawa kwa wachuuzi wa njiani. Darajani yapo maduka ya dawa yenye kibali, na kibali hutundikwa ukutani pa kuonekana. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ndiyo inayosimamia mambo hayo. Tazama pakiti: penye herufi EXP pana mwezi na mwaka wa mwisho wa dawa. Usipojua kusoma, muombe mtoto wa skuli uliyefuatana naye.

Na wafugaji wa kuku, neno lenu hili. Antibiotiki ya kuku haitiwi kwenye maji "ili wasiugue." Muiteni bwana mifugo kwanza. Kuku wakishapewa dawa, ziko siku za kungoja kabla ya kuuza mayai na nyama yake. Siku hizo zimeandikwa kwenye pakiti. Usimuuzie mwenzako usugu ndani ya yai.

JUU YA FEDHA

Sasa tumefika penye mzizi. Tunajua kwa nini mtu ananunua vidonge vinne. Si kwamba hapendi ishirini na moja. Amepewa cheti, dawa ile siku hiyo haikuwepo kituoni, amefika dukani, na fedha aliyonayo ni ya vinne, nauli na unga. Kumwambia "maliza dozi" bila kumtazama mfukoni ni kumwimbia tu.

Kwa hiyo Kamati inaleta pendekezo hili mbele yenu. Katika mfuko wetu wa shida litengwe fungu dogo la dawa. Mwanachama mwenye cheti cha daktari, aliyepungukiwa, amwendee mshika fedha, aonyeshe cheti, apewe mkopo wa kutimiza dozi, na aulipe akiuza mazao yake. Bila riba. Asiye na cheti asipewe hata senti, bali apewe nauli ya kwenda kupimwa. Jina lake na ugonjwa wake visitajwe mkutanoni. Daftari liandike kiasi tu.

Pili, kila nyumba ichague mtu mmoja wa kuhesabu. Mtoto wa darasa la tano anaweza. Achore mistari kwenye karatasi, kila kidonge kikimezwa akate mstari mmoja. Mistari ikiisha na vidonge viishe siku moja. Kimoja kikibaki, ajue pameruka.

Tatu, tupunguze haja ya dawa zenyewe. Tunawe mikono kwa sabuni, tuchemshe maji ya kunywa, tufunike vyoo, tuwapeleke watoto chanjo zao zote. Ugonjwa usioingia nyumbani hautaki kidonge wala mkopo.

Ndugu wanachama, haya ndiyo tuliyokuja nayo. Lenye kasoro mlisahihishe, na pendekezo la mfuko mlipigie kura mkutano ujao. Mpaka siku hiyo, anayeshuka Darajani na cheti mkononi akumbuke kumwaga vidonge mezani na kuvihesabu kabla hajapanda gari.